Sanduku, mashine ya uhalisia pepe au ini la mbuzi: idara ianze na kipi kufundisha upasuaji wa matundu madogo (laparoskopia)?

Swali hili hunijia kwa simu, mara nyingi wiki mbili kabla ya kufungwa mwaka wa fedha: "Daktari, tumepata fungu la vifaa vya mafunzo ya laparoskopia. Tununue nini?" Anayeuliza huwa tayari ana katalogi mkononi, na kwenye katalogi hiyo mashine kubwa yenye skrini mbili imeshazungushiwa kalamu. Nami humuuliza: mtajuaje kwamba mwanafunzi wenu ameiva? Akikosa jibu, namwomba aifunge katalogi kwanza. Kifaa hufuata kipimo. Nimeona idara zikienda kinyume, zikanunua kifaa halafu zikaanza kutafuta cha kupima, na miaka mitatu baadaye hakuna aliyeweza kusema ni rezidenti gani, yaani daktari anayesomea ubingwa, aliyefaidika.

Nianze na ugumu wenyewe wa kazi, maana huo ndio unaoamua kifaa kipi kinafaa kwa lipi.

Tumbo likifunguliwa kwa kisu, daktari huona kwa macho mawili na kugusa kwa vidole kumi. Kwenye matundu madogo, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kamera huingia kwa kawaida karibu na kitovu, na vyombo virefu vyembamba, vingi vya milimita 5, hupita ndani ya troka, mirija inayochomekwa kwenye matundu hayo. Pale kwenye ukuta wa tumbo chombo hugeuka kama kasia kwenye ukingo wa mtumbwi: ukivuta mpini huku, bapa linakwenda kule. Mkono ukienda kulia, ncha inakwenda kushoto. Ukiinua, inashuka. Juu ya hapo picha ni bapa, kina hakionekani, na hisia ya vidole imebaki kidogo tu. Bingwa aliyefungua matumbo miaka ishirini anaweza kuanza hapa akipapasa kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na si aibu. Ubongo unapaswa kujifunza upya, na ubongo haujifunzi kwa kuangalia.

Erich Mühe aliondoa kifuko cha nyongo kwa njia hii huko Böblingen, Ujerumani, mwaka 1985, na Philippe Mouret akafanya hivyo Lyon, Ufaransa, mwaka 1987. Miaka michache baadaye kila mtu alitaka kuifanya, na madaktari wengi waliisomea kwa kozi za mwisho wa wiki. Matokeo yake majeraha ya mrija mkuu wa nyongo yaliongezeka. Mgonjwa aliyeingia kutolewa kifuko akatoka na mrija uliokatwa huenda akafanyiwa upasuaji mkubwa wa kuutengeneza, na baadhi hawakupona. Vifaa nitakavyovilinganisha vilishika kasi kutokana na hofu hiyo.

Sanduku

Sanduku la mazoezi ni kitu rahisi: boksi lenye matundu juu, kamera na taa ndani, skrini mbele. Kurt Semm wa Kiel, Ujerumani, yule aliyeondoa kidole tumbo kwa laparoskopia mwaka 1980, alibuni la kwake kufundishia madaktari wa magonjwa ya wanawake. Lakini sanduku lilipata heshima pale lilipopewa kipimo. Gerald Fried na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walichapisha mwaka 1998 seti ya kazi zenye alama, zikihesabu kasi na makosa pamoja. Kutoka hapo SAGES, chama cha madaktari wa upasuaji cha Marekani, kilitoa mwaka 2004 programu ya misingi ya laparoskopia iitwayo FLS, na Bodi ya Upasuaji ya Marekani ikaifanya sharti kwa wanaomaliza mafunzo kuanzia mwaka wa masomo 2009–2010.

Kazi ni tano. Kwanza, kuhamisha vipande sita vya mpira kutoka vigingi vya upande mmoja hadi mwingine na kuvirudisha, kila kimoja kikipokezanwa hewani kutoka koleo hadi koleo. Pili, kukata duara lililochorwa kwenye gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Tatu, kuweka kitanzi cha uzi juu ya alama na kukikaza. Nne, kushona na kufunga fundo linalofungwa nje kisha kusukumwa ndani. Tano, kushona na kufunga fundo lote ndani kwa ndani. Hiyo ya tano ndiyo inayowatoa watu jasho.

Kinachonifanya niipende seti hii ni kwamba ina malengo ya namba. Kiwango cha umahiri kinachotumika mazoezini ni sekunde 48 kwa vigingi, 98 kwa duara, 53 kwa kitanzi, 136 kwa fundo la nje na 112 kwa fundo la ndani, bila makosa yanayovuka mpaka. Kwenye vigingi hutosheki kwa kufika 48 mara moja: unafika mara mbili mfululizo, kisha mara kumi nyingine. Rezidenti anajua leo yuko 140, na anajua anakwenda wapi. Hahitaji kumwona mkuu wa idara amuulize "unaonaje, nimekuwa mzuri?"

Pia uzi wa sandukuni ni uzi wa kweli, sindano inateleza kama inavyoteleza thieta (chumba cha upasuaji), na gozi likivutwa vibaya linakunjamana. Hisia ya mkono ni halisi kwa sababu vitu ni halisi.

Na linatengenezeka hapa hapa. Boksi la plastiki la kuhifadhia nguo, taa ya LED ya kubandika, kamera ya USB au ya simu. Mawili tu ya kuangalia. Msiunganishe simu na televisheni bila waya: picha huchelewa kidogo, na mwanafunzi hujifunza kusubiri picha, tabia mbaya kabisa. Tumieni waya. La pili, matundu ya kifuniko yasiwe makubwa na malegevu, maana chombo kinachocheza tunduni hakigeuki kama kasia, na hilo ndilo tulilokuja kujifunza. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichobandikwa chini ya tundu na kutobolewa kidogo kinamaliza tatizo.

Udhaifu wa sanduku ni kwamba halisemi. Mwanafunzi anaweza kurudia kosa mara mia mbili na boksi likanyamaza. Ushahidi mzuri wa hili umetoka Botswana: madaktari wa Toronto waliwafundisha wenzao kazi za FLS kwa mtandao, kompyuta moja ikionyesha mikono na nyingine ndani ya sanduku. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 yalikuwa hivi: waliopata mwalimu wa mtandaoni walifikia alama za kufaulu wote, na kati ya walioachiwa sanduku lile lile, vifaa vile vile na maelekezo ya kujisomea, walifikia asilimia 38 tu. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo, lakini kila aliyewahi kufundisha ataitambua picha hiyo. Kwa hiyo sanduku lisilo na mwalimu lihesabuni kama nusu ya kifaa.

Mashine ya uhalisia pepe

Hapa unashika mipini ya kweli iliyounganishwa na kompyuta, na viungo vya mwili viko kwenye skrini tu. Nisiwe mtu wa kubeza: ushahidi wake ni mzito. Mwaka 2002 kikundi cha Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kiliwagawa marezidenti 16 kwa kura. Waliofanya mazoezi kwenye mashine iitwayo MIST-VR, walipoingia thieta, walitenganisha kifuko cha nyongo na ini kwa kasi zaidi kwa asilimia 29, na wale ambao hawakufanya walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kukijeruhi kifuko au kuunguza tishu isiyohusika. Denmark mwaka 2009 walifanya hivyo kwa marezidenti 24 wa magonjwa ya wanawake, kazi ikiwa kuondoa mrija wa uzazi. Waliopita kwenye mashine walitumia dakika 12, wenzao 24, na alama za ufundi zikawa 33 dhidi ya 23. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yaliona uhalisia pepe ukisaidia kuliko kutofanya mazoezi kabisa, na hata kuliko sanduku, kwa marezidenti wenye uzoefu mdogo. Mapitio hayo hayo yakasema faida kwa mgonjwa mwenyewe, na kwa anayelipa, haijulikani.

Sasa angalia jambo ambalo muuzaji hatakuambia. MIST-VR ya Yale haikuwa na ini, haikuwa na damu, haikuwa na kifuko. Ilikuwa na maumbo sahili, tufe na visanduku vya kuhamisha huku na kule. Kilichofanya kazi ni kwamba kila rezidenti aliwekewa kiwango cha wataalamu na hakuingia thieta hadi akifikie. Denmark nako walifanya mazoezi hadi kiwango, si hadi saa ziishe. Kwa maoni yangu ushahidi bora wa mashine ni ushahidi wa lengo lililowekwa, na lengo hilo laweza kuwekwa kwenye boksi la nguo.

Mashine ina ubora wake halisi. Inajipimia: muda, urefu wa njia ya kila mkono, mara ngapi umegusa kisichohusika. Inaweza kukupa upasuaji mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mshipa uliokaa pasipo kawaida. Inakuruhusu kukata mrija usio wake, kuona kilichotokea, na kuanza upya. Hilo sanduku haliwezi.

Lakini bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, na zenye kuleta hisia ya mkono hupanda zaidi. Hisia hiyo yenyewe bado si ya tishu. Mashine isiyo na hisia humzoesha mtu kuvuta bila kujua anavuta kwa nguvu kiasi gani, na mafundo yake hayanishawishi. Kisha kuna leseni, fundi wa kuitengeneza ambaye yuko bara jingine, na umeme. Katika kituo kimoja nilichofundisha tulikuwa nayo. Mwaka wa kwanza wageni wote walipigwa picha nayo. Leseni ilipoisha hapakuwa na fungu la kuihuisha, na mara ya mwisho nilipopita ilikuwa imefunikwa shuka la kijani la thieta, kando yake marezidenti watatu wakigombea sanduku moja la plastiki. Iliniuma, maana kwa fedha ile kila rezidenti wa pale angekuwa na sanduku nyumbani kwake.

Na mashine moja ni mtu mmoja kwa wakati mmoja. Wenye zamu za usiku huipata saa ngapi?

Nyama

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu uchaguzi si mgumu: nyama ni ya hatua ya pili, haichukui nafasi ya sanduku. Ini lenye kifuko cha nyongo likiwekwa ndani ya boksi lile lile, mwanafunzi anapata tabaka la kutenganisha, nyongo inayomwagika akitoboa, na akiunganisha umeme wa kukatia, moshi unaoziba kamera. Vyote hivyo vitamkuta thieta.

Ulaya hutumia sana ini la nguruwe. Kwetu pwani hilo lina ugumu wake, na sioni sababu ya kumlazimisha mtu. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wote wana kifuko. Mwambieni mchinjaji mapema, maana yeye hukitoa na kukitupa upesi kisije kikapasuka na kuharibu nyama kwa uchungu. Ngozi ya kuku inafaa kwa kushona. Vyombo vilivyoshika nyama viwekwe alama na visirudi thieta kamwe, na bati la kurudishia umeme liwe chini ya ini, siyo "karibu karibu".

Wanyama hai sitawapendekeza. Gharama ya nusu kaputi, daktari wa mifugo na kibali ni kubwa, na Uingereza, ambako wengi wetu tumepata masomo, sheria hairuhusu kujifunzia upasuaji kwa mnyama hai isipokuwa ule wa hadubini. Na madaktari wao wanaiva vilevile.

Kipimo, ambako ndiko penye uamuzi

Kuna njia nne za kumpima mtu, na kila moja inaona kitu chake.

Saa na makosa, kama FLS, ni rahisi na ya haki. Muuguzi au rezidenti mwenzake anaweza kushika saa. Haioni jinsi tishu inavyoshikwa.

Kuhesabu mienendo ya mikono, kama kifaa cha Imperial College London kinachobandikwa mgongoni mwa mikono, au hesabu ya mashine ya uhalisia pepe, hutenganisha vizuri mwanafunzi na mtaalamu. Lakini ukimwambia rezidenti "njia ya mkono wako wa kushoto ina mita nyingi mno", hajui la kufanya kesho.

Fomu ya alama ya mwalimu ndiyo inayosema neno la kufundishia. Fomu ya OSATS ilitoka Toronto miaka ya 1990 kwa kazi ya Richard Reznick na wenzake. GOALS ilitoka McGill mwaka 2005 mahususi kwa laparoskopia: kukadiria kina, mikono miwili kusaidiana, kutopoteza mwendo, ulaini wa kushika tishu, na kujitegemea. Kila kipengele alama 1 hadi 5, jumla 25, ukurasa mmoja. Nikilazimishwa kubaki na karatasi moja maishani ni hiyo. Mwalimu huandika "3" kwenye kushika tishu, rezidenti huuliza kwa nini, na hapo mazungumzo ya kweli huanza.

Ya nne ni video inayotazamwa na mtu asiyemjua aliyeshika vyombo. Huko Michigan madaktari 20 wa upasuaji wa kupunguza unene kila mmoja alitoa video moja, wenzao wakaipa alama bila kujua ni ya nani. Matokeo yaliyotoka mwaka 2013 yalinishtua. Wagonjwa wa madaktari wa robo ya chini kwa ufundi walipata matatizo kwa asilimia 14.5, na wa robo ya juu asilimia 5.2. Hao ni mabingwa tayari, si wanafunzi. Wanaofundisha upasuaji wa mimba iliyotunga nje ya kizazi kwa sanduku la bei nafuu huko Cameroon na Ethiopia wamechukua njia hii: wanajirekodi, wanapeana alama wao kwa wao.

Na kuna jambo ambalo mkono hauoneshi kabisa. Mwaka 2003 Lawrence Way na wenzake wa San Francisco walichambua majeraha 252 ya mrija wa nyongo. Kwa asilimia 97 chanzo kilikuwa jicho kudanganyika: daktari aliuona mrija mkuu akaamini ni wa kifuko, akaukata kwa ustadi mzuri tu. Ufundi mbovu wa mkono ulikuwa asilimia 3. Soma tena namba hizo kabla ya kumpa cheti mtu kwa kuwa amefika sekunde 48. Vigingi havimfundishi kusimama na kujiuliza kama ameisafisha pembetatu iliyo kati ya mrija wa kifuko, mrija wa nyongo na ini, kama sehemu ya chini ya kifuko imeachana na ini, kama ni njia mbili tu, mbili peke yake (mrija wake na mshipa wake wa damu), zinazoingia kwenye kifuko. Hayo ndiyo masharti aliyoyaandika Steven Strasberg mwaka 1995, na yanapimwa kwa video na kwa maswali: simamisha picha hapa, niambie unachokiona, ungekata? Hakuna kifaa cha kununua. Kinachohitajika ni saa moja ya bingwa kwa wiki.

Kwa hiyo, nani anunue nini

Hospitali ya mkoa yenye marezidenti watatu au wanne wanaozunguka: masanduku mawili ya kutengeneza, vyombo vilivyozeeka vya thieta (visitupwe!), saa, fomu za GOALS, na mwalimu wa mtandaoni aliyeahidi siku maalumu. Mashine hapana, hata kama ni msaada wa bure, mpaka mfadhili aandike nani atalipa leseni na matengenezo kwa miaka mitano. Mwalimu wa mbali asiwatie shaka. Kule hospitali ya KCMC, Moshi, laparoskopia ilikua kwa urafiki wa miaka mingi na madaktari wa Northumbria, Uingereza.

Chuo kikuu chenye marezidenti ishirini na zaidi: sanduku moja kwa kila watu wawili, na ruhusa ya kulichukua nyumbani. Hilo la nyumbani si anasa. Toronto mwaka 2006 waliwafundisha marezidenti 38 kuunganisha mishipa midogo, nusu kwa siku moja yenye vipindi vinne, nusu kipindi kimoja kwa wiki kwa wiki nne. Baada ya mwezi, waliosambaziwa vipindi walifanya vizuri zaidi, kwa saa zile zile za mafunzo. Kozi yetu tuipendayo ya siku tatu hotelini ianze kuonekana kwa jicho hilo. Ini la mbuzi liwe mara moja kwa mwezi kwa waliofikia viwango vya sanduku. Mashine ya uhalisia pepe inaingia hapa tu, ikiwa imebaki fedha baada ya kumlipa mtu wa kusimamia chumba. Na ikinunuliwa, ichaguliwe kwa upasuaji kamili na maumbile yasiyo ya kawaida, si kwa vigingi ambavyo boksi linavitosha.

Chuo cha kikanda kama COSECSA, kile cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao Arusha, kinachotahini watu wa nchi nyingi, kina haja tofauti: kipimo kinachofanana Lusaka na Kampala. Hapo saa na makosa ya sandukuni yanafaa kwa mkono, na video isiyo na jina inafaa kwa hukumu.

Nawe rezidenti unayesoma hii na idara yako haina kitu: boksi, kamera, taa, koleo mbili zilizostaafu ambazo sista wa thieta atakupa ukimwomba kwa adabu. Nusu saa, siku tatu kwa wiki. Jirekodi siku ya kwanza kabla hujajifunza chochote, uihifadhi video hiyo, na kila Ijumaa mtumie mtu mmoja unayemheshimu dakika mbili za kazi yako pamoja na karatasi ya GOALS tupu.